Mfuniko

Mwaka ule anga ya Newala ilikuwa bati jipya,
kali, haina hata kovu la wingu.
Desemba ilipita. Januari ikaingia na miguu ya vumbi.
Mihogo ilikunja majani kama mtu anayeficha noti.
Ndoo ya maji ilipanda toka mia tano hadi elfu,
na mwenye punda akaanza kuitwa Bwana.

Hapo ndipo mama yangu, Somoe binti Mkalola,
aliporudi na malipo ya korosho, mnada wa tatu,
yale yaliyosalia baada ya deni la salfa,
akayaweka yote juu ya jamvi:
"Tunachimba kisima cha mvua."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.
"Mvua ipi?"
Hakunijibu. Alikuwa anahesabu mifuko ya saruji kwa vidole.

Tulichimba siku kumi na tisa.
Udongo wetu ni mwekundu, mwepesi, hauna siri:
utauchimba mpaka uchoke, hukuti hata jasho la jiwe.
Ndiyo maana bibi zetu waliteremka bondeni usiku
wakapanda alfajiri na mitungi, shingo zikafupika.
Watoto wa jirani walichungulia ukingoni wakapiga kelele,
"Shimo la Mungu la pili!"
wakilifananisha na lile korongo la mjini
ambako ukisimama unaiona Ruvuma kama uzi uliodondoka,
na Msumbiji ng'ambo, nayo kavu vilevile.
Mama akasema, "Wamepatia jina."

Kisha ikaja plasta, na plasta inataka maji.
Hapa ndipo niliposhindwa.
Ndoo ishirini na nne za kununua,
maji ambayo tungesongea ugali, tungetawadhia,
tukayamwaga kwenye mchanga na saruji
ili shimo tupu lisivujishe utupu wake.
Fundi Nangunde alipiga mwiko akitazama pembeni
kama anayeogopa kuambukizwa.

Usiku nilimsikia mama kwenye mswala.
Nilidhani anaomba mvua.
Nikasogea: alikuwa anamtaja Nangunde, mgongo wake,
na yule punda, kwamba apate siku ya kupumzika.

Asubuhi akasema bado kitu kimoja.
"Mfuniko. Wa mbao nene, wenye komeo.
Mtoto wa mtu asije akazama."
"Atazama kwenye nini, Mama? Kwenye vumbi?"
Akanitazama, wala si kwa hasira,
vile unavyomtazama mtu anayeulizia nyumba
naye amesimama mlangoni pake.
Nikaenda kutafuta mbao.

Usiku wa tano tangu mfuniko, mikorosho ilichachatika.
Mama alikuwa nje kabla sijapata viatu,
kitenge begani, mikono miwili imeshika bomba
linaloshuka kutoka paani hadi kisimani.
Tulisimama. Tulisimama sana.
Ulikuwa upepo tu, na majani makavu.
Akajipangusa uso.
"Bomba limekaa sawa," akasema. "Sasa tunajua."
Akarudi kulala, na akalala kweli, nilimsikia akikoroma.

Mimi si mtu wa swala nyingi.
Ijumaa hunikuta shambani, na shambani huniacha huko huko.
Lakini alfajiri ile, hakuna aliyenituma,
nilichukua ngazi na ufagio wa chelewa
nikapanda nikaanza kufagia bati:
majani, kinyesi cha kunguru, vumbi la miezi minane,
mgongo kwa mgongo, kuelekea kwenye mfereji,
polepole,
kama anayemtandikia kitanda mgeni
ambaye hajaleta barua.

Mlango ulifunguka chini yangu.
Hakusema kitu.
Alikuja akanishikia ngazi.